Fritz Haber: Mwanakemia aliyeinasa hewa na kuwaachia wahandisi kitendawili cha moto

Msimu wa masika unapokaribia, magunia ya mbolea hurundikwa katika maduka ya Awendo, Rongo na mjini Migori, kisha hupakiwa kwenye bodaboda na mikokoteni hadi kwenye mashamba ya mahindi na miwa, mengine yakiwa Ndhiwa upande wa Homa Bay. Gunia la Urea la kilo 50 lina kilo 23 za nitrojeni. Nitrojeni hiyo haikuchimbwa ardhini mahali popote. Ilinaswa hewani ndani ya kiwanda, kwa njia iliyobuniwa na Mjerumani mmoja aliyefariki mwaka 1934, Fritz Haber.

Wengi wa wakulima hao hawajawahi kulisikia jina hilo. Wanaolijua aghalabu hulihusisha na mambo mawili, mbolea na gesi ya sumu. Lipo jambo la tatu lisilotajwa sana. Haber alikuwa mtaalamu wa moto. Alichunguza miali ya gesi, akapima jinsi joto kali linavyounganisha nitrojeni na oksijeni ya hewani, na akabuni chombo cha kugundua methani migodini. Wahandisi wa leo wanaotaka kuzalisha umeme kwa kuchoma amonia iliyochanganywa na methani, bila kuchafua hewa, wamejikuta katikati ya mambo hayo hayo.

Haber alizaliwa tarehe 9 Desemba 1868 katika mji wa Breslau, uliokuwa Ujerumani wakati huo na ambao sasa ni Wrocław nchini Poland. Jamaa zake walikuwa Wayahudi wenye uwezo. Mama yake, Paula, alifariki majuma machache tu baada ya kujifungua, na uhusiano wa mtoto huyo na baba yake haukuwahi kuwa wa karibu. Baba, Siegfried, alikuwa mfanyabiashara wa rangi na alitaka mwanawe airithi kazi hiyo. Kijana alijaribu, akashindwa, akarudi maabarani.

Katika chuo kikuu cha Heidelberg alisoma kwa muda chini ya Robert Bunsen, yule ambaye jina lake limebaki katika kichomeo cha gesi ambacho wanafunzi wa kemia katika shule za upili hukiwasha hadi leo. Alipata shahada ya udaktari mjini Berlin mwaka 1891. Mwaka uliofuata alibatizwa kuwa Mkristo, hatua ambayo wasomi wengi wa Kiyahudi wa zama hizo waliichukua wakitumaini kwamba milango ya vyuo ingewafungukia. Milango ilifunguka, lakini, kama itakavyoonekana, si kwa kudumu.

Mwaka 1894 aliajiriwa katika chuo cha ufundi cha Karlsruhe, naye akazama katika elimu ya mwako. Kazi yake ya mwaka 1896 ilihusu jinsi gesi zenye kaboni na haidrojeni zinavyovunjika na kuungua. Baadaye aliuchambua mwali wa kichomeo cha Bunsen. Mtu akiutazama kwa makini ataona sehemu mbili, koni ndogo ya ndani yenye rangi ya buluu na mwali mpana unaoizunguka. Haber alionyesha kwamba katika ile koni ya ndani gesi hufikia mizani yake ya kikemia kwa kasi kubwa, na kwamba mabaki yanayotoka humo huungua nje baada ya kukutana na hewa zaidi. Kwa kupima gesi hizo aliweza kukadiria joto la mwali. Mwaka 1905 alichapisha kitabu kuhusu nguvu za joto katika michakato ya gesi viwandani, kikamjengea jina miongoni mwa wanakemia. Utafiti huo wa miali haukumletea sifa za magazetini. Hata hivyo, wazo la moto wenye hatua mbili litarejea baadaye katika masimulizi haya.

Mwaka 1901 alimwoa Clara Immerwahr, mwanamke wa kwanza kupata udaktari wa kemia katika chuo kikuu cha Breslau. Ndoa ilimtoa Clara maabarani na kumweka jikoni. Mwana wao, Hermann, alizaliwa mwaka 1902.

Wakati huo dunia ilikuwa na hofu ya njaa. Mwaka 1898 mwanakemia Mwingereza William Crookes alikuwa ameonya kwamba magadi ya nitrati kutoka Chile, yaliyotegemewa kurutubisha mashamba ya Ulaya, yangekwisha. Hewa imejaa nitrojeni, takriban asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo. Nchini Norway, Kristian Birkeland na Sam Eyde walianza mwaka 1905 kupitisha hewa kwenye cheche kubwa za umeme zenye joto la maelfu ya nyuzi. Nitrojeni na oksijeni ziliungana kuwa oksidi ya nitrojeni, ambayo iligeuzwa kuwa tindikali na hatimaye mbolea.

Haber, kwa ufadhili wa kampuni ya BASF, aliifuatilia njia hiyo pia. Alijifunza mambo mawili ambayo hakuna mhandisi wa mwako anayeweza kuyapuuza. La kwanza ni kwamba oksidi hiyo huzaliwa kwa wingi pale tu joto linapokuwa kali mno. La pili ni kwamba gesi ikipozwa ghafla, oksidi haipati nafasi ya kuvunjika na kurudi kuwa hewa ya kawaida, hubaki. Kwa watafiti wa zama hizo oksidi ya nitrojeni ilikuwa mali, na kila asilimia iliyoongezeka ilikuwa ushindi. Leo kemia ni ile ile ila shabaha imepinduliwa, kwa maana kila chembe inayopungua ndiyo faida.

Njia ya cheche ilimeza umeme kupita kiasi. Haber akageukia njia nyingine, kuunganisha nitrojeni na haidrojeni kuwa amonia. Mwenzake Walther Nernst alimkosoa hadharani mwaka 1907 kuhusu usahihi wa vipimo vyake, na Haber, mtu aliyeumizwa upesi na aibu, alirudia kazi yote. Akishirikiana na Robert Le Rossignol, fundi hodari kutoka kisiwa cha Jersey, alitengeneza mtambo wa shinikizo karibu mara 200 ya lile la hewa ya kawaida, akitumia madini adimu ya osmiamu kama kichocheo. Tarehe 2 Julai 1909, mbele ya wajumbe wa BASF, amonia ilianza kudondoka kama maji kutoka kwenye bomba. Carl Bosch alikikuza kifaa hicho cha mezani hadi kuwa kiwanda, na Alwin Mittasch akapata kichocheo rahisi cha chuma baada ya maelfu ya majaribio. Kiwanda cha Oppau kilianza kazi Septemba 1913.

Kipindi hicho hicho Haber alikuwa amehamia Berlin kuongoza taasisi mpya ya kemia huko Dahlem. Methani ilikuwa ikilipuka katika migodi ya makaa ya mawe na kuua wachimbaji, na Kaizari mwenyewe alitaka dawa ipatikane. Haber alitengeneza filimbi yenye mabomba mawili, moja likiwa na hewa safi na jingine likivuta hewa ya mgodini. Methani ni nyepesi kuliko hewa, hivyo sauti ya bomba la pili hupanda kidogo, na sauti mbili zisizolingana hutoa mtetemo ambao sikio hulitambua mara moja. Ni uvumbuzi mdogo ukilinganishwa na ule wa amonia, lakini unamwonyesha mtu ambaye hakuona haya kushughulikia usalama wa wachimbaji wa kawaida.

Kisha vikaja vita. Uingereza ilizifunga njia za bahari, nitrati ya Chile ikakatika, na majenerali wengi waliamini kwamba Ujerumani ingeishiwa baruti mapema. Amonia ya Haber, ikigeuzwa kuwa tindikali ya nitriki, ilizuia hilo. Vita vilirefuka, na urefu wake ulifika hadi Nyanza. Septemba 1914 wanajeshi wa Kijerumani walivuka mpaka kutoka kusini na kuuteka mji wa Kisii kwa muda mfupi, mji uliokuwa makao ya utawala wa eneo lililojumuisha Migori na Homa Bay za leo. Baada ya hapo vijana wa eneo hilo, kama wenzao wa kwingineko Afrika Mashariki, waliandikishwa kuwa wapagazi wa jeshi la Uingereza, na maelfu yao hawakurudi. Mapigano katika ukanda huu yalikwisha Novemba 1918. Haitakuwa haki kumbebesha mwanakemia mmoja mizigo yote hiyo, ila haiwezekani pia kuisimulia vita hiyo bila kuitaja amonia.

Lililo wazi zaidi ni suala la sumu. Haber alijitolea mwenyewe kuongoza matumizi ya gesi ya klorini, na tarehe 22 Aprili 1915 alikuwapo karibu na Ypres nchini Ubelgiji wakati zaidi ya tani 150 za gesi hiyo zilipofunguliwa kuelekea mahandaki ya adui. Siku chache baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei, Clara alijipiga risasi kwa bastola ya mumewe. Haber aliondoka karibu mara moja kwenda medani ya mashariki, akimwacha nyuma mwanawe wa miaka 12. Wasifu wa mtu huyu hauwezi kusawazishwa kwa kuweka mbolea upande mmoja wa mizani na sumu upande mwingine, kwa sababu aliyefanya yote mawili alikuwa yule yule, kwa bidii ile ile.

Mwaka 1919 alitangaziwa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1918, jambo lililowakasirisha wanasayansi wengi wa nchi zilizopigana na Ujerumani. Septemba 1921 ghala la mbolea katika kiwanda cha Oppau lililipuka na kuua zaidi ya watu 500. Haber mwenyewe alikuwa amejitwisha kazi nyingine. Alitaka kulipa deni la vita la nchi yake kwa kuchuja dhahabu kutoka maji ya bahari. Alisafiri melini akipima maji kwa miaka kadhaa, hadi akakubali kwamba dhahabu iliyomo ni kidogo mno kuliko vitabu vilivyodai. Wachimbaji wa Nyatike na Macalder, wanaoponda mawe mchana kutwa kwa ajili ya chembe za dhahabu, wangemwelewa bila kuhitaji mkalimani.

Wanazi walipotwaa mamlaka mwaka 1933, ubatizo na huduma yake ya vitani havikumfaa kitu. Aliamriwa kuwafukuza watumishi wa Kiyahudi katika taasisi yake. Badala yake alijiuzulu. Alipokewa kwa muda Cambridge, Uingereza, akiwa mgonjwa wa moyo. Alifariki hotelini Basel, Uswisi, tarehe 29 Januari 1934. Majivu ya Clara yalihamishiwa kwenye kaburi lake. Dawa ya kuua wadudu iliyotokana na kazi ya taasisi yake ilikuja kutumiwa na Wanazi kuwaua Wayahudi, wakiwemo baadhi ya jamaa zake.

Haber hakuifikiria amonia kama kuni. Wazo hilo lilikuja baadaye, kwanza kwa shida. Mwaka 1943, Ubelgiji ikiwa imekosa dizeli kwa sababu ya vita, mabasi yaliendeshwa kwa amonia iliyosaidiwa na gesi ya makaa ya mawe, ambayo ndani yake mna haidrojeni na methani. Vita vilipokwisha, wazo lilisahauliwa. Limefufuliwa na mabadiliko ya tabianchi. Amonia haina kaboni. Ikiungua ipasavyo hutoa maji na nitrojeni tu. Hugeuka kimiminiko kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri, hivyo ni rahisi kuisafirisha kuliko haidrojeni tupu.

Ila amonia ni nzito kuwaka. Mwali wake husonga kwa takriban sentimita 7 kwa sekunde, ilhali ule wa methani hukaribia sentimita 40. Ndiyo sababu huchanganywa na methani, ambayo huushika moto na kuutuliza. Hapo ndipo kitendawili kinapoanza, kwa sababu mchanganyiko huo unaweza kutoa oksidi za nitrojeni kwa wingi unaozidi hata ule wa methani peke yake mara nyingi.

Oksidi hizo huzaliwa kwa njia mbili. Moja ni ile ya cheche za Norway, yaani joto kali kuunganisha nitrojeni na oksijeni za hewa. Mrusi Yakov Zeldovich alieleza hatua zake katika miaka ya 1940. Njia ya pili ndiyo kubwa zaidi hapa: amonia yenyewe imebeba nitrojeni, na vipande vyake vinapokutana na oksijeni motoni hugeuka oksidi bila kungoja joto la cheche. Methani huichochea njia hiyo, kwa kuwa huongeza joto pamoja na vipande vikali vya oksijeni na haidrojeni vinavyoishambulia amonia. Sehemu ndogo ya amonia katika methani inatosha kuupandisha uchafu kwa kasi. Ikizidi sana, uchafu huanza kushuka tena. Anayedhani kwamba nusu ya tahadhari inatosha kwa sababu ameongeza amonia kidogo tu, amekosea hesabu.

Oksidi zenyewe si jambo la kupuuzwa. Nitrojeni dioksidi huwasha na kudhuru mapafu, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango kinachopendekezwa hadi wastani wa mikrogramu 10 kwa kila mita ya ujazo kwa mwaka. Juani, oksidi hizi husaidia kutengeneza ozoni ya karibu na ardhi, inayodhoofisha mimea. Baadaye hurudi na mvua kama nitrati. Kwa Ghuba ya Winam, ambako gugumaji hustawi kwa virutubisho vya ziada, nitrojeni inayotoka hewani huungana na ile inayotoka mashambani.

Suluhisho linalofanya kazi vizuri zaidi linaukumbusha ule mwali wa Bunsen uliochambuliwa Karlsruhe. Chumba cha mwako hugawanywa hatua mbili. Katika hatua ya kwanza hewa hupunguzwa kwa makusudi, kiasi kwamba kuni huzidi hewa kwa takriban asilimia 10 hadi 20. Kwa kuwa oksijeni haitoshi, vipande vya amonia vilivyobaki huigeukia oksidi ya nitrojeni iliyokwisha kuzaliwa na kuirejesha kuwa nitrojeni ya kawaida na maji. Haidrojeni na kaboni monoksidi inayosalia huunguzwa katika hatua ya pili, kwa hewa nyingi inayoingizwa haraka ili joto lisipande mno. Nafasi ya kukosea ni finyu. Kuni zikizidi kupita kiasi, amonia huvuka ikiwa mbichi na kugeuka oksidi katika hatua ya pili. Zikipungua, oksidi hubaki tangu hatua ya kwanza. Kuongeza shinikizo husaidia, na mvuke wa maji hutumika pia kuupoza mwali.

Kinachobaki husafishwa katika bomba la kutolea moshi, na hapa kemia imecheza mchezo wake. Dawa inayonyunyiziwa kuua oksidi za nitrojeni ni amonia yenyewe, ikipitishwa juu ya kichocheo chenye joto la nyuzi 300 hadi 400. Huko Koriyama, Japani, mwaka 2015 watafiti waliendesha mtambo mdogo wa daraja la kilowati 50 kwa methani na amonia, na hata kwa amonia pekee, wakitegemea kifaa cha aina hiyo. Lipo pia tishio la nitrasi oksidi, ambayo huchomoza moto unapopoa mno au mtambo unapowashwa. Uzito wake katika kuongeza joto la dunia ni karibu mara 273 ya kaboni dioksidi katika kipindi cha miaka 100. Gramu chache zake zinatosha kufuta sehemu ya faida iliyotafutwa.

Kenya haina mtambo wa umeme unaochoma mchanganyiko huo. Mkakati wa haidrojeni uliozinduliwa Nairobi Septemba 2023 uliitanguliza amonia ya mbolea, na uamuzi huo una busara, kwani nitrojeni iliyopatikana kwa gharama kubwa ina kazi bora zaidi shambani kuliko kwenye tanuri. Jirani zake ndio wenye methani: Tanzania imekuwa ikizalisha umeme Ubungo kwa gesi ya Songo Songo tangu 2004, nayo Rwanda hutumia ile iliyoyeyuka ndani ya Ziwa Kivu.

Kwa Migori na Homa Bay, moto wa jamaa hii ulio karibu zaidi ni wa gesi ya samadi. Sehemu kubwa ya gesi hiyo ni methani, na mfugaji anapotumia mavi ya kuku kwa wingi, yenye nitrojeni nyingi kuliko ya ng'ombe, amonia kidogo hupanda pamoja nayo na kugeuka oksidi kwenye jiko au injini. Kuchanganya mavi ya kuku na samadi ya ng'ombe hupunguza tatizo, na kuipitisha gesi ndani ya chombo chenye maji hulipunguza zaidi, kwa kuwa amonia huyeyuka majini upesi mno. Maji hayo yakishanuka yakoleapo, huzimuliwa na kumwagiwa mahindi.